Tupime Kisima Kabla ya Kukibariki

Somo kuhusu maji, afya ya binadamu na wajibu wa kujua



Katika parokia zetu nyingi, siku ya kuzindua kisima ni sikukuu. Kwaya huimba, akina mama wa WAWATA hupokea wageni kwa vigelegele, mfadhili hukata utepe, Baba Paroko hunyunyiza maji ya baraka, na mtoto mmoja huitwa mbele anywe glasi ya kwanza. Furaha hiyo ni ya haki. Anayejua adha ya kuamka saa kumi alfajiri kwenda mtoni na ndoo kichwani hawezi kuidharau. Lakini kuna swali ambalo siku hiyo huwa halisikiki: je, maji haya yamepimwa?

Somo letu la safari hii linahusu swali hilo. Kwanza tutaeleza namna maji yaliyochafuliwa yanavyoudhuru mwili. Kisha tutajiuliza, sisi tunaosoma falsafa na sisi tulio Wakristo, tuna wajibu gani juu ya jambo ambalo macho hayalioni. Hoja yetu ni moja: kwa kuwa sehemu kubwa ya madhara ya maji hujificha, kutafuta kuyajua ni sehemu ya upendo kwa jirani. Anayewapa watu maji bila kujali yana nini ndani yake bado hajaimaliza sadaka yake.

1. Jicho na ulimi havitoshi kuwa mahakimu

Ukiuliza kijijini maji mazuri ni yapi, utajibiwa kwamba ni yale maangavu, ya baridi, yasiyo na harufu wala chumvi. Vigezo hivyo vina maana, maana maji ya tope na yenye harufu mara nyingi yamebeba uchafu. Lakini havitoshi.

Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Soho jijini London. Wataalamu wengi wa wakati huo waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa chafu. Tabibu John Snow yeye alishuku maji ya pampu ya Broad Street. Alifuatilia vifo nyumba kwa nyumba, akiuliza marehemu alikuwa akinywa maji ya wapi. Kisa kimoja kilimpa ushahidi mzito. Mjane mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na mtaa ule, alikuwa bado akiletewa maji ya Broad Street kwa sababu aliipenda ladha yake. Alikunywa, akafa kwa kipindupindu, ingawa huko alikokuwa akiishi ugonjwa haukuwepo. Baadaye ilibainika kwamba shimo la maji machafu la nyumba ya jirani lilikuwa likivuja kuelekea kwenye kisima kile. Maji yaliyomuua mjane yalikuwa matamu kwake.

Tangu Plato, wanafalsafa wanatuonya tusichanganye kinachoonekana na kilichopo. Kwa habari ya maji onyo hilo linagusa uhai wenyewe. Kuna madhara yanayokuja kwa saa chache, kuna yanayokuja kwa miaka, na kuna yanayompata mtoto kabla hajazaliwa. Tuyatazame kwa mpangilio huo.

2. Madhara ya saa

Kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu, na homa ya ini ya aina ya A hufuata njia moja: kinyesi cha mtu mmoja hufika kinywani mwa mtu mwingine. Njia hiyo hupitia mahali pengi. Choo cha shimo kimechimbwa karibu na kisima. Mvua kubwa imefurika na kubeba uchafu wa mtaa mzima hadi kwenye chemchemi. Bomba lililopasuka linapita katika mfereji wa maji machafu, na maji yanapokatika bomba hufyonza uchafu ndani. Au maji yametoka bombani yakiwa salama, yakachafuliwa nyumbani na kikombe kinachozamishwa ndooni kwa mkono usionawiwa.

Bakteria wa kipindupindu wanapofika kwenye utumbo hutoa sumu inayozilazimisha chembe za utumbo kumwaga maji na chumvi za mwili. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Ndiyo maana mtu aliyekuwa shambani asubuhi anaweza kufa kabla ya usiku asipotibiwa. Sisi Watanzania hatuhitaji kukumbushwa kwa mifano ya mbali: mlipuko ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa katika mikoa mingi ya nchi na kufika hadi Zanzibar.

Habari njema ni kwamba dhidi ya adui huyu tuna silaha nyepesi. Maji yakichemka kwa nguvu kwa dakika moja, vijidudu hivi hufa. Kwenye miinuko mirefu, zaidi ya mita 2,000, ni vema yachemke dakika tatu. Dawa ya klorini hufanya kazi pia, ila maji ya tope lazima kwanza yatuame na kuchujwa, kisha baada ya kuweka dawa tusubiri nusu saa. Na anayehara anahitaji maji na chumvi mara moja, huku akipelekwa kwenye kituo cha afya. Kama hakuna pakiti ya ORS, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji salama vinaweza kuokoa maisha njiani.

Tusisahau pia kwamba kuhara kusikoua huacha alama. Mtoto anayehara mara kwa mara hashibi hata akila, kwa sababu utumbo wake haunyonyi chakula ipasavyo. Hudumaa mwili, na masomo yake huathirika.

3. Madhara ya miaka

Wengi wetu tunadhani kwamba tukishachemsha maji tumemaliza kazi. Hapa ndipo somo linapokuwa gumu, kwa sababu kuna vitu ambavyo moto hauviondoi.

Mfano ulio karibu nasi ni floridi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, pamoja na miteremko ya Mlima Meru na Kilimanjaro, ina madini haya kwa wingi. Maji yanayopita ndani yake huyayeyusha na kutoka nayo kwenye chemchemi na visima, yakiwa maangavu kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri kiasi cha floridi katika maji ya kunywa kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Katika baadhi ya vyanzo vya Arusha na maeneo jirani kiasi hicho hupitwa mara kadhaa.

Floridi kidogo huyaimarisha meno, iliyozidi huyaharibu. Paracelsus, tabibu wa karne ya 16, alifundisha kwamba kipimo ndicho kinachoitofautisha dawa na sumu, na floridi ni mfano wa wazi. Mtoto anapokunywa maji yenye floridi nyingi katika miaka ambayo meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi, gamba la nje la jino hutoka likiwa na vitundu vidogo visivyoonekana, ambavyo baadaye hushika rangi. Hayo ndiyo meno ya kahawia ambayo wenyeji wa kaskazini huyafahamu, na ambayo huwafanya vijana wengi wafunike mdomo kwa mkono wanapocheka. Hakuna mswaki unaoyasafisha. Kiasi kikizidi zaidi na kwa miaka mingi, floridi huingia kwenye mifupa: viungo hukakamaa na kuuma, mgongo huwa mgumu, na miguu ya baadhi ya watoto hupinda.

Sasa fikirini mama mwenye bidii anayechemsha maji hayo kila siku ili kuwalinda wanawe. Anaua bakteria, na hilo ni jambo jema. Lakini maji yanapopungua kwa mvuke, floridi yote hubaki sufuriani, kwa hiyo kila kikombe kinakuwa na floridi nyingi kuliko mwanzo. Akiweka magadi kwenye maharage au makande ili yaive haraka, huenda anaongeza tena, kwani magadi ya ukanda wetu mara nyingi yana floridi. Kinachosaidia ni kitu kingine kabisa: maji ya mvua yaliyovunwa vizuri, ambayo huwa na floridi kidogo sana, au chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambayo huchomwa kwa utaratibu maalumu na kusagwa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kilicho chini ya wizara inayohusika na maji, kimefanya kazi ya machujio hayo kwa miaka mingi.

Madini ya risasi nayo huua polepole. Mwili huyapokea kana kwamba ni kalisi na kuyahifadhi mifupani, na kwa watoto huharibu ubongo unaokua. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa ukutani mwa nyumba za watu, na risasi ikaingia katika hewa, udongo na maji ya wakazi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alihangaika hospitalini na mtoto wake mchanga bila ugonjwa kutambuliwa, mpaka alipopimwa damu na kukutwa na risasi. Kipimo hicho kimoja ndicho kilichowaamsha wakazi wa kijiji. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliamua walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Shauri lilipanda ngazi za rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha hukumu hiyo.

4. Madhara ya kizazi

Kuna sumu zinazomfikia mtoto kupitia mama ambaye mwenyewe haumwi. Zebaki ni mojawapo.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Geita, Chunya, Mara na kwingineko huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa. Zebaki hushikamana na dhahabu, kisha donge huchomwa ili zebaki iondoke kama mvuke na dhahabu ibaki. Mara nyingi uchomaji hufanyika uani, watoto wakiwa karibu. Mvuke huo hauna harufu. Ukivutwa huingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo na figo. Mikono huanza kutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua.

Zebaki inayotiririka mtoni ina safari ndefu zaidi. Kwenye tope, bakteria huigeuza kuwa aina nyingine iliyo kali zaidi. Viumbe vidogo huila, samaki wadogo hula viumbe hivyo, samaki wakubwa hula wadogo, na kila hatua sumu huzidi kujilimbikiza. Mwisho wa safari ni sahani ya mtu.

Dunia ilijifunza hayo kwa machozi huko Minamata, Japani. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga maji machafu yenye zebaki baharini kwa miaka mingi. Paka walianza kuyumba na kuanguka. Halafu wavuvi na familia zao wakashikwa na degedege na kufa ganzi. Ugonjwa ulitangazwa rasmi mwaka 1956. Wako akina mama walioonekana wazima lakini wakajifungua watoto wenye ulemavu mkubwa, kwa sababu sumu ilikuwa imepita kondo la nyuma na kukusanyika kwa kitoto tumboni. Mwaka 1959 Hajime Hosokawa, daktari wa kampuni yenyewe, alimlisha paka maji machafu ya kiwanda, na paka akaonyesha dalili zilezile. Kampuni iliyaficha matokeo. Serikali ya Japani haikutamka rasmi chanzo cha ugonjwa mpaka mwaka 1968. Kwa kumbukumbu ya mji huo, mkataba wa kimataifa wa kupunguza matumizi ya zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, unaitwa Mkataba wa Minamata.

5. Wema usiopimwa

Hadi hapa tumeona uchafu unaotoka chooni, ardhini na kiwandani. Kisa cha mwisho kinatugusa zaidi sisi tunaochimba visima kwa nia njema. Kilitokea Bangladesh.

Hadi miaka ya 1970 watu wengi vijijini humo walikunywa maji ya mabwawa na mito, na watoto walikufa kwa kuhara. Serikali na mashirika ya misaada, UNICEF likiwemo, yakahimiza visima vya mabomba membamba vyenye pampu za mkono. Watu walivipokea kwa furaha, na familia nyingi zikachimba vya kwao. Lakini udongo wa delta ile una aseniki ya asili, na wakati ule upimaji wa kawaida wa maji haukuiangalia. Ilipofika mwaka 1993 ndipo aseniki ilipothibitishwa visimani. Kufikia hapo watu walikuwa wamekunywa kwa miaka mingi. Madoa yalitokea kwenye ngozi, sugu ngumu zikaota viganjani na kwenye nyayo, na hatari ya saratani ya ngozi, mapafu na kibofu ikapanda. Watu walioathiriwa na maji hayo walikadiriwa kuwa makumi ya mamilioni. Vipimo vilipofanyika, pampu zilipakwa rangi: nyekundu kwa maji yasiyofaa kunywewa, kijani kwa yaliyo salama. Mara nyingi pampu nyekundu na ya kijani zilikuwa hatua chache tu zikitengana.

Tusihukumu haraka. Visima vile viliwakinga wengi na maji ya mabwawa, na waliovichimba hawakuwa waovu. Kilichokosekana ni swali moja la nyongeza. Nasi Tanzania hatuna sababu ya kulala: tafiti katika ukanda wa dhahabu kusini mwa Ziwa Victoria zimekuta aseniki katika baadhi ya vyanzo vya maji.

6. Ujinga wa aina tatu

Aristotle, na baada yake Mtakatifu Thomas wa Akwino, walijiuliza: je, asiyejua ana hatia? Mapokeo ya Kanisa yametusaidia kutofautisha aina tatu za kutokujua, na visa tulivyovieleza vinatuonyesha kila moja.

Kwanza ni ujinga usioshindika, yaani mtu hana namna ya kujua. Mama anayechemsha maji yenye floridi, ambaye hakuna aliyewahi kumweleza, hana lawama hata chembe. Amefanya bora alilolijua.

Pili ni ujinga unaoshindika. Mtu hajui, lakini angeweza kujua na alipaswa kujua kutokana na nafasi yake. Hapa ndipo tulipo wengi wetu tunaohusika na visima vya parokia, shule na zahanati: kamati ya ujenzi, mfadhili, mkandarasi, padre, na sisi waseminari tunaopeleka maombi ya misaada. Maabara zipo. Wataalamu wapo. Gharama ya kupima ni sehemu ndogo sana ya gharama ya kuchimba. Tusipouliza, kutokujua kwetu hakutuondolei wajibu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nasi tunaongeza kwamba kutouliza kunaweza kuwa kosa.

Tatu ni ujinga wa kujitakia: mtu anakwepa kujua, au anaficha kilichojulikana, ili asisumbuliwe. Waliofungia matokeo ya paka wa Daktari Hosokawa wako hapa. Lakini tusiwatafute Japani peke yake. Anayepokea karatasi ya maabara yenye majibu mabaya na kuifungia kabatini kwa sababu uzinduzi umeshatangazwa na jina la mfadhili limeshachongwa kwenye jiwe, naye yuko hapa.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya fadhila ya busara hatuzungumzii uoga wala kuchelewesha mambo. Busara inataka tujue hali halisi ilivyo kabla ya kutenda, ili upendo wetu ulete kweli lile jema tunalolikusudia.

Lipo pingamizi la haki. Wengine watasema: tukipima na kukuta maji ni mabaya, watu watakunywa nini? Si afadhali maji yoyote kuliko kutembea kilomita nane? Jibu letu ni kwamba kipimo hakimlazimishi mtu kufunga kisima. Kinampa uwezo wa kuchagua. Maji yenye floridi nyingi yanaweza kufulia, kuoshea vyombo na kujengea, wakati maji ya mvua yanatunzwa kwa kunywa na kupikia, watoto wadogo na wajawazito wakipewa kipaumbele. Tena si busara kuwakimbiza watu kutoka kisima chenye floridi kiasi na kuwarudisha kwenye mto wenye kipindupindu, kwa maana kipindupindu huua kwa siku moja. Kupima madhara mawili na kuchagua lililo dogo kunawezekana tu kwa anayeyajua yote mawili.

7. Elisha kwenye chemchemi

Maandiko Matakatifu yanatupa mfano mzuri katika Kitabu cha Pili cha Wafalme 2:19-22. Watu wa Yeriko wanamwendea nabii Elisha na kumweleza kwamba mji wao unapendeza kwa macho, ila maji yake ni mabaya na nchi haizai. Elisha anaomba bakuli jipya lenye chumvi, anaitupa chumvi majini, na kwa neno la Bwana maji yanaponywa.

Tuangalie mambo mawili. La kwanza, wenyeji walisema ukweli. Hawakuuficha ubaya wa maji ili kulinda sifa ya mji mzuri. La pili, Elisha hakuishia kwenye mitungi ya nyumbani. Alikwenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe. Kuchemsha na kuchuja nyumbani ni lazima, lakini uponyaji wa kweli huanzia kwenye chanzo.

Nabii Ezekieli naye (34:18-19) anawakemea kondoo wanaokunywa maji safi kisha kuyavuruga kwa miguu yaliyobaki, ili wengine wanywe tope. Huyo ni kila anayekaa juu ya mto na kusahau kwamba kuna anayekaa chini: anayeosha pampu ya dawa ya mimea mtoni, anayeelekeza bomba la choo kwenye korongo, anayemwaga maji ya mgodi gizani. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mtu, na akaonyesha kuwa maskini ndio wanaoumizwa zaidi na maji mabaya. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeitambua haki hiyo mwaka 2010. Na haki ya kupata maji salama inabeba haki ya kuambiwa kama ni salama.

8. Tufanye nini parokiani?

Tunapendekeza hatua hizi, ambazo hata kigango kidogo kinaweza kuzianza.

1. Kabla ya kuchimba, tuombe kibali cha bodi ya maji ya bonde letu na tuwasikilize wataalamu wa RUWASA kuhusu maji ya eneo hilo. Wazee nao waulizwe. Meno ya watoto waliokulia hapo yanaweza kueleza mengi.

2. Kisima kiwe angalau mita 30 kutoka chooni, na kiwe upande wa juu wa mteremko. Kijengewe sakafu ya zege na uzio wa kuzuia mifugo.

3. Sampuli ipelekwe maabara ya maji kwa kufuata maelekezo yao, ikiwa kwenye chupa safi waliyoitoa wao na kuhifadhiwa kwenye baridi. Tuombe vipimo kwa majina: bakteria wa kinyesi, ambao hawatakiwi kuwepo kabisa, floridi, isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Naitreti, inayotoka kwenye vyoo na mbolea na ni hatari kwa watoto wachanga wanaopewa maziwa ya kukoroga, isizidi miligramu 50. Aseniki na risasi, kila moja isizidi miligramu 0.01. Penye migodi tuongeze zebaki.

4. Majibu yasomwe kwenye matangazo ya Dominika na kubandikwa kwenye ubao wa kanisa kwa Kiswahili kinachoeleweka: maji haya yanafaa kwa kazi gani, na hayafai kwa kazi gani.

5. Tupime tena, hasa bakteria, baada ya mvua kubwa na baada ya kila matengenezo ya pampu. Fedha ya kazi hiyo iwekwe kwenye bajeti ya kisima tangu mwanzo.

6. Mapaa ya makanisa yetu ni makubwa. Tuyawekee mifereji na matangi yenye mifuniko, na mvua ya kwanza, inayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, tuiache ipite.

7. Tulinde vyanzo. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Vijana wa parokia wanaweza kupanda miti ya asili hapo na kuwa macho ya jumuiya.

8. Wanaoishi machimboni wafundishwe kuchomea mbali na makazi na kutumia ritoti, kifaa kinachonasa mvuke wa zebaki, wakati wakitafuta njia zisizotumia zebaki kabisa.

Maswali kwa ajili ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo

1. Maji tunayokunywa katika jumuiya yetu yanatoka wapi, na yalipimwa lini? Nani anayo karatasi ya majibu?

2. Nani yuko juu yetu kwenye mto, na nani yuko chini yetu? Tunawatumia maji ya namna gani?

3. Katika aina tatu za ujinga tulizozieleza, sisi kama parokia tuko wapi?

4. Ni hatua ipi moja kati ya hizo nane tunaweza kuianza kabla ya mvua zijazo?

Wapendwa, hatusemi kwamba sikukuu ya kisima ipunguzwe. Kwaya iimbe, na maji ya baraka yanyunyizwe. Tunaomba tu kwamba safari ijayo, kabla mtoto hajaitwa mbele kupokea glasi ya kwanza, mtu mmoja wa kamati asimame na kusoma kwa sauti majibu ya maabara. Na kama majibu si mazuri, asimame vilevile ayasome, ili watu waondoke wakijua la kufanya na ndoo zao.

Mtakatifu Fransisko wa Assisi, utuombee.